Bibi Esperansi Hang'oki Tangini

Nyie walimu vijana mlionijia Jumapili ile na pikipiki mbili na maswali mengi, niliwajibu nusunusu kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, na barabara ya Mwese mnaijua. Mliniuliza sementi kiasi gani na mchanga kiasi gani, ili na shule yenu iwe na picha ya vigae kama ile iliyoko kwenye tangi letu la maji. Nitawaambia. Lakini mmoja wenu, yule mwenye miwani, aliniuliza pia kama haifai sasa kumwondoa yule mama wa vigae aliyesimama juu ya koki, maana wageni hawamwelewi, na nafasi yake ingetosha nembo ya shule. Hilo sikulijibu. Nilinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo imenikaa vibaya tangu siku ile. Ndiyo maana leo naandika.

Yule mama haondoki. Tuanzie hapo.

Mimi ni Mwalimu Tekla, mtoto wa Majimoto, niliyekulia kwenye mpunga na mbu. Nilipopangiwa shule ya milimani miaka ya tisini, tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa na kila jambo, hata chaki, lilisubiri Sumbawanga. Nilipewa somo la kazi za mikono. Watoto walikuwa wanajua tayari maana ya kazi za mikono: kumkatia mwalimu nyasi, kumfungia mwalimu mifagio, kumpalilia mwalimu mahindi. Siku ya kwanza nilipoingia darasani waliniuliza, "Mwalimu, shamba lako liko wapi?" Niliona aibu kwa niaba ya wenzangu wote.

Nikasema sisi tutatengeneza kitu cha shule, kitakachobaki. Nilikuwa nimeona vigae vya kubandika ukutani mjini Mpanda, vyekundu na vyeupe, vikichora ua. Nilivitazama nikajisemea, kumbe udongo tu huu. Nyie mnaita mozaiki, mmeiona kwenye simu. Sisi tuliita picha ya vigae na hatukuwa na wa kumuuliza.

Mahali pa kubandika palikuwepo: tangi. Wazazi walilijenga kwa mawe ya mlimani, la duara, refu kuliko mtu mzima, lipokee maji ya mvua kutoka kwenye bati la madarasa. Kabla ya hapo watoto walishuka mtoni kila asubuhi na ndoo. Tangi liliwaokoa miguu, lakini kwa sura lilikuwa baya, la kijivu, na lilikuwa na ufa uliopanda kutoka kwenye koki kwenda juu, ukivuja taratibu kiangazi chote. Ufa huo msiusahau.

Basi tukachimba udongo bondeni, tukaukanda, kila mtoto akatengeneza kigae chake cha ukubwa wa kiganja. Tukavianika juani juu ya bati. Kufika jioni vilikuwa vimejikunja kama magome. Havikunitia akili. Nikavipanga shimoni nikawasha moto. Baada ya muda mfupi vikaanza kulia pa! pa! pa! kama bisi chunguni, na vipande vikaruka hadi kwenye bendera. Watoto wakakimbilia nyuma ya choo wakicheka. Mwalimu Mkuu alichungulia dirishani akidhani ni majangili wamepandisha kutoka mbugani.

Barabarani alikuwa anapita mwanamke mfupi, mtu mzima, ana vyungu vimefungwa kwa kamba mgongoni na kichwani. Alisimama, akavitua vyungu vyake chini kimoja kimoja bila haraka, halafu akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Yewe mwalimu!" aliniita. "Unachoma vigae au unachoma vita?"

Huyo ndiye Bibi Esperansi. Alikuja nchi hii akiwa msichana, pamoja na watu wa Burundi waliokimbia mauaji, wale ambao wajukuu wao ndio mnaofundisha nao leo na hamjui nani ni nani. Wanaomsimulia siku hizi wanamfanya bibi mpole mwenye tabasamu. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa na mdomo. Mtoto akimletea kigae kinene anakipima mkononi, anasema, "Oya, hapana. Huu ni mkate. Nenda kanywe nao chai," na kigae kinarudi kuwa donge. Mimi mwenyewe aliniambia mikono yangu ni ya kushika chaki na Mungu anisamehe.

Alikuja kesho yake bila kuitwa, na kinu kidogo na fuko la vipande vya vyungu vilivyovunjika. Akawaweka watoto watwange, wachekeche, wachanganye unga ule na udongo mbichi. "Hiki kimeshaungua mara moja," alisema, "moto hakiuogopi tena." Akavitoa vigae juani, akavilaza kivulini kati ya mbao mbili, akavifunika majani ya mgomba na kuvigeuza kila siku, upande huu na upande ule, mpaka vikakauka vikiwa vimenyooka. Kabla havijakauka kabisa alinikubalia jambo langu moja: kila mtoto achanje mgongo wa kigae chake kwa njiti, mistari ya kukatana, ili sementi ipate pa kuuma. Hili mliandike. Kigae chenye mgongo laini kitadondoka hata ukikibembeleza.

Msidhani alijua kila kitu. Sementi alikuwa haipendi, aliiita uji usioiva. Siku moja alibandika safu nzima kwa mkono wake, vigae vikiwa vikavu, wakati mimi nilimwambia vilowekwe kwanza. Akaniambia nisimfundishe udongo. Asubuhi tulivikuta vyote chini vimejipanga kama vilivyokuwa ukutani, maana kigae kikavu kinayanywa maji ya sementi na sementi inabaki vumbi. Alivitazama, akavuta ugoro wake, akasema, "Haya, mwalimu, leo umezaliwa." Tangu siku hiyo vilikuwa vinalala kwenye karai la maji, na yeye ndiye aliyewagombeza watoto wakisahau.

Kuni peke yake aliona zina hasira, moto wake unapanda haraka. Alitaka mavi ya ng'ombe makavu yachanganywe na magome. Nani anayo? Sasa, shuleni tulikuwa na watoto wa Kisukuma, ambao wazazi wao walikuja na ng'ombe kutoka kaskazini, na wenzao waliwatania kila siku kuwa wananuka zizi. Mikono yao ikapanda yote pamoja. Kesho yake waliingia shuleni na magunia kichwani, wakitembea katikati ya barabara kama wenye shule yao. Wiki ile nzima sikusikia neno zizi kwenye kinywa cha mtoto yeyote. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kuliko siku ya mshahara.

Na vigae vyenyewe! Mmoja alitengeneza treni ya Mpanda, ambayo hajawahi kuiona, akaiwekea miguu. Nikamwambia treni ina magurudumu. Akaniuliza, "Sasa inapandaje mlima?" Nikaiacha na miguu yake, na ipo mpaka leo, nendeni mkaihesabu. Kiboko mmoja alitoka anacheka na meno mawili. Ng'ombe wa watoto wa Kisukuma walikuwa na pembe zilizojulikana ni za ng'ombe yupi, na walibishana nani kamkosea dume la nani. Nafasi za katikati tulijazia vipande vya sahani, mawe meupe ya mlimani, na chupa za kijani. Chupa nilizikubali kwa masharti: kila kipande kisuguliwe ukingo juu ya jiwe na maji mpaka nikipitishe kwenye shavu langu mwenyewe. Shavu langu lina alama moja. Inatosha, msirudie.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wengi hulipita kimya.

Bibi Esperansi alikuwa Mtwa. Kwa wasiojua: huko walikotoka, Watwa ndio waliokuwa wafinyanzi. Wenzao walinunua vyungu vyao, wakapikia, wakala, lakini Mtwa mwenyewe hawakunywa naye kikombe kimoja. Walikimbia naye njia moja, wakikwepa risasi zilezile, wakafika huku, na habari ya kikombe wakaja nayo. Si wote, narudia, si wote. Wala sisi wenyeji tusijifanye malaika, tulikuwa na dharau zetu za kututosha. Lakini hii ilikuwa hivyo. Bibi alikuja kila siku na kibuyu chake cha maji, akakaa peke yake pembeni ya jiko la shule kukinywea. Mimi nilidhani ni mazoea ya uzee tu.

Siku tanuri letu la shimoni lilipoiva sawasawa kwa mara ya kwanza, tulitoa vigae vyekundu, vizima, ukivigonga vinalia ngii. Watoto walicheza. Mimi nilikimbia nyumbani nikachukua kikombe changu cha wageni, cheupe, kina ua la bluu, kile nilichowapa wanakamati wakija. Nikachota maji kwenye tangi, nikampa Bibi kwa mikono miwili.

Hakukipokea. Alikitazama muda mrefu.

"Mwalimu, unajua unachofanya?"

"Nakupa maji, Bibi. Umeshinda motoni."

"Haya," alisema. Akakipokea, akanywa mpaka tone la mwisho, watoto wote wakiangalia. Wengine walikuwa wameacha kucheza.

Miongoni mwao alikuwepo Konsolata, binti mwenye macho makubwa, mjukuu wa Mzee Barnaba. Mzee Barnaba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa Burundi kwa asili naye pia, mkulima hodari wa maharage, mzee wa kanisa. Na nisimpunguzie haki yake: wakati wa kujenga tangi yeye ndiye aliyebeba jiwe la kwanza. Konsolata alifika nyumbani akasimulia alichokiona, kama watoto wanavyosimulia.

Babu yake alikuja siku ya kikao. Akaketi kwenye ngazi ya ofisi, akaomba maji. Nikamletea kwa kikombe kilekile, nilikuwa sina kingine cha heshima. Alikigeuza mkononi.

"Mwalimu, hiki ndicho alichonywea yule?"

"Ndicho, Mzee."

Akamwaga maji chini taratibu. Akakigonga kikombe kwenye ncha ya ngazi, kwa upole, kama mtu anayevunja yai. Ua la bluu likapasuka katikati. Akaviweka vipande pale chini, akajifuta mkono.

"Kikombe cha hivyo hakioshwi," alisema. "Kinavunjwa. Sikulaumu, we mgeni wa mambo yetu." Hakupandisha hata sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mmesikia kwamba walimu wa zamani walikuwa wavumilivu. Mimi sikuwemo. Niliwaka. Nikamwambia, "Mzee Barnaba, maharage yako unapikia chungu cha nani?"

"Chungu ni chungu. Mtu ni mtu."

"Ndivyo ninavyosema na mimi," nikamjibu, nikapiga magoti nikaokota vipande vyote, hata vile vidogo, nikavifunga kwenye pindo la kanga yangu mbele ya macho yake.

Wenzangu ofisini walisema nimekosea, kwamba ningeuliza kwanza mila za watu. Naandika hapa mjue: ningeuliza, ningejibiwa, na ningempa maji vilevile.

Ulipofika wakati wa kuchora picha kwenye tangi kwa chaki, watoto walijua wanachotaka. Milima nyuma, mvua juu, ng'ombe upande mmoja, treni na kiboko upande mwingine. Nikauliza, juu ya koki tuweke nani, anayetoa maji? Wakajibu kwa pamoja, "Bibi!" Hata Konsolata alijibu, na sauti yake niliisikia.

Bibi alikasirika. "Mnataka nini? Njiani wananipita mbali, mnataka na ukutani wanirushie mawe?" Akachukua kibuyu chake akaondoka. Siku hiyo hakurudi.

Aliporudi alimkuta Fundi Masanja, mwashi wetu, Msukuma asiye na maneno mengi, ameanza kuupasua ule ufa. Alikuwa anautanua kwa tindo kuanzia kwenye koki kwenda juu, aweke waya wa banda la kuku na sementi kali. Alinieleza kwamba hapo vigae havitabandikwa juu juu kama kwingine. Vitasukumwa ndani sementi ikiwa mbichi, vishikane na waya, viwe ni ukuta wenyewe.

"Ukishaweka hapa, mwalimu," alisema, "hakitoki. Akitaka mtu kukitoa, anatoa tangi."

Nikamtazama Bibi. Bibi akautazama ufa, kwa muda, akautia kidole. Kisha akacheka kile kicheko chake cha siku ya kwanza.

"Hapo basi," alisema. "Niwekeni hapo."

Mnaniuliza kama ilikuwa kwa makusudi? Ilikuwa kwa makusudi. Ya kwake kwanza, na mimi nikamfuata. Watoto walimtengeneza kwa udongo wa kahawia, amevaa kitenge cha chupa za kijani. Mkono wake ni wake mwenyewe: aliukandamiza kwenye udongo mbichi, tukauchoma. Na kwenye mkono huo tuliweka kikombe cheupe cha ua la bluu, vipande vyote, nimevipanga mimi kwa ncha ya mwiko. Tukafunika na magunia mabichi yaliyomwagiwa maji kila asubuhi, sementi isikauke kwa pupa.

Tulipofunua, maneno yakaanza. Baadhi ya wazazi waliwaambia watoto wao wasinywe tena kwenye koki ile, warudi mtoni. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi. Mwalimu Mkuu aliniita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kupenda siku ipite salama.

"Tekla, toa yule mama. Weka hata twiga."

"Twiga hajafundisha mtu hapa."

"Utahamishwa, nakwambia. Utajikuta umetupwa huko Mpimbwe."

"Mpimbwe ni kwetu, Mwalimu Mkuu. Nitakwenda kula wali."

Alishika kichwa. Lakini nilicheka mdomoni tu. Moyoni niliogopa, si kwa ajili yangu. Kama wangemng'oa, wangekuwa wamemvunja mbele ya watoto walewale waliomchagua, na watoto wangejifunza kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyokwisha.

Mzee Barnaba alikuja nyumbani kwangu peke yake. Alikaa, akakataa chai, nami sikumlazimisha. Akasema, "Mwalimu, sisi tulipoteza nchi. Tulikuja mikono mitupu. Kilichobaki ni jinsi tunavyoishi. Unataka tukipoteze na hicho?"

Alisema kwa uchungu wa kweli, na nilimhurumia. Nikamwambia, "Hiyo nchi mliipoteza pamoja na yeye, Mzee. Alikimbia njia yenu ileile. Je, kwenye njia hiyo alikunywa maji ya nani?"

"Ya mtoni," akasema, "kama sisi." Akachukua fimbo yake akaenda. Kesho yake akaitisha kamati.

Walikuja wanakamati na wazazi, uwanja ukajaa. Akina mama walikuja na ndoo zao, maana mto ulishaanza kuwa matope na tangi lilikuwa bado limejaa. Watoto niliwaambia wabaki madarasani. Hawakubaki, na sikuwafukuza. Walikaa chini kulizunguka tangi, migongo yao ikigusa treni na ng'ombe wao.

Mzee Barnaba alimwita Fundi Masanja, akamwonyesha kwa fimbo. "Huyu na kikombe chake. Toa. Vingine vibaki."

Masanja alichukua tindo na nyundo. Akawaomba watoto wa mbele wasogee. Akaweka ncha ya tindo chini ya mkono wa Bibi, akagonga mara moja tu, kidogo. Pale kwenye ukingo wa kitenge ukatokea mstari mwembamba wa maji, ukashuka mpaka kwenye koki. Uwanja wote uliuona.

"Mzee wangu," alisema Masanja, "nikigonga tena, hii inafunguka. Maji ya kiangazi yote yanakwenda chini. Nigonge?"

Mzee Barnaba alikuwa anautazama ule mstari wa maji.

"Nigonge, Mzee? Mimi nasubiri neno lako."

Mama mmoja mwenye ndoo, wa hukohuko kwao Mzee Barnaba, alisema kwa sauti kavu, "We fundi, usiguse hapo." Mwingine akasema, "Asiguse!" Kisha wengi. Masanja aliweka tindo chini, akachota sementi kidogo kwenye karai alilokuwa amekuja nalo, akaziba ule mstari kwa kidole gumba. Alikuwa amekuja na sementi tayari imekorogwa. Nilikuwa sijamwambia.

Ndipo Bibi Esperansi akapita katikati ya watu. Hakuwa na kibuyu siku hiyo. Pale kwenye koki kulikuwa na kikombe cha bati kimefungwa kwa mnyororo, cha wote. Akafungua koki, akakijaza, akanywa akiwa amewaelekea. Hakuharakisha. Alipomaliza aliendelea kukishika, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumpokea, na mimi nilikuwa mbali nikiwa nimezuiwa na watu. Nilitaka kupiga kelele.

Konsolata alinyanyuka pale alipokuwa amekaa. Alijivuta sketi, akaenda mpaka pale, akakipokea kikombe kutoka mkononi mwa Bibi kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa. Akakiweka chini ya koki. Watoto wa kwao walikuwa na desturi hata kwa kikombe cha kawaida: unasuuza kwanza, unamwaga, ndipo unachota. Konsolata hakusuuza. Alijaza, akanywa, akamtazama babu yake, akampa kikombe mtoto aliyekuwa nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na foleni tayari.

Mimi nililia bila kujificha. Mwalimu Mkuu naye alikuwa anatafuta kitu kwenye jicho lake.

Mzee Barnaba hakubadilika siku hiyo, msinitungie mwisho mtamu. Aliondoka na fimbo yake, na tangu hapo alishuka mtoni mwenyewe kuchota ya kunywa, mpaka magoti yakamkatalia. Yalipomkatalia, Konsolata alimpelekea ya tangi. Alikunywa. Hakuuliza yametoka wapi, na mjukuu hakumwambia.

Uhamisho wangu ulikuja kweli. Walisema ni wa kawaida. Nikaenda Kibaoni, hukohuko Mpimbwe, nikala wali kama nilivyoahidi, na huko nako nikabandika picha ya vigae kwenye jiko la shule, yenye mambo yake. Bibi Esperansi aliendelea kuwafundisha watoto udongo na kuwatukania vigae vyao hadi mwili ulipochoka. Alizikwa hukohuko milimani, na waliombeba ni vijana wa vigae vile, pamoja na yule aliyetengeneza treni yenye miguu.

Sasa jibu lenu. Sementi karai moja kwa mchanga wa mtoni karai tatu, mchanga uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Kwenye ufa, moja kwa mbili na waya. Lowekeni vigae, chanjeni migongo, funikeni kwa magunia mabichi. Nembo ya shule ichoreni kwa rangi kwenye mlango wa ofisi, itapendeza, na mkiichoka mtaifuta. Na kama yupo kati yenu bado anataka kumtoa yule mama, aende na tindo mchana, akina mama wakiwa na ndoo zao, agonge mbele yao.

Mimi bado napanda kule mvua zikikatika, natembea polepole, miguu si ile. Watoto wa sasa nawaambia waoshe mikono, nawaambia wasuuze kikombe kwa ajili ya afya, ndiyo mafundisho na mimi ni mwalimu. Wananipisha foleni kwa sababu ni bibi. Nakipokea kikombe kwa yeyote aliyetoka kunywa, nachota, nanywa nikiwa nimemtazama yule mama machoni. Sikisuuzi.